Risala ya klabu ya jiografia kwa mgeni rasmi: nyumba ya babu iliyoko chini ya ardhi, Ukerewe

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu wetu, wazazi wote mliofika na wanafunzi wenzangu, asalaam aleykum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana asifiwe, na kwa wazee wetu mliokaa pale mbele wangaluka.

Awali ya yote tunakushukuru sana mgeni rasmi kwa kukubali kuja, tunajua Jumamosi ni siku ya familia na wewe umeiacha familia ukaja kwetu Ilemela. Karibu sana.

Klabu yetu ilianza na wanafunzi 11 tu, tulikuwa tunakutana chini ya mwembe ule wa nyuma ya maabara, saivi tuko 43 na tunakutana darasani kabisa. Tumepanda miti, tumepima mvua kila siku kwa kopo na rula mpaka tukapata kipimamvua cha kweli, tumetembea makumbusho ya Wasukuma ya Bujora na kisiwa cha Saanane. Hayo yote ni mazuri lakini kwa ruhusa yako mgeni rasmi hatutakaa sana hapo, maana wanachama tulikubaliana kwamba risala ya mwaka huu iwe ya kitu kimoja, safari yetu ya Ukerewe, kwa sababu kuna jambo kule halisubiri.

Mwenzetu mmoja wa kidato cha tatu alikuwa anatuambia tangu kidato cha kwanza kwamba babu yake anaishi chini ya ardhi. Hatukumwamini. Tulidhani anaongelea pango, maana Ukerewe mapango na miamba ipo mingi, akasema hapana, sio pango, kachimba mwenyewe na sururu. Basi mwalimu wa jiografia akaongea na mzazi, mzazi akaongea na babu, babu akasema waje ila wasije wengi kwa mpigo, nyumba yangu ina mlango mmoja.

Tulienda 18 na walimu wawili, likizo ya mwezi wa sita. Wazazi wengi hawakutaka tupande meli kutoka hapa mjini mpaka Nansio na hatuwalaumu, Mwanza hii nani asiyejua MV Bukoba iliyozama mwaka 1996, na MV Nyerere iliyozama 2018 pale Ukara, kuna mwenzetu kwenye klabu alipoteza shangazi. Kwahiyo tukazunguka na basi, tumetoka saa kumi alfajiri, Igoma, Kisesa, Magu, Lamadi, Bunda, afu tukakata kushoto kwenda Kibara mpaka Kisorya, pale ndo tukapanda kivuko kuvuka kwenda Rugezi, safari ya majini pale ni fupi, ila mwalimu hakutaka mchezo kila mtu alivaa jaketi la kuokolea mpaka upande wa pili.

Babu tulimkuta amekaa juu ya jiwe anamenya muhogo. Shikamoo babu, marahaba wajukuu zangu, poleni na safari, na hapohapo akauliza nani ana njaa. Tulikula kwanza, ugali wa muhogo na sato wa kuchemsha na machungwa ya hapohapo, yeye hataki mgeni aone nyumba akiwa na njaa anasema hataiona vizuri. Muda wote huo sisi tunaangaza macho tunatafuta nyumba na hatuioni mgeni rasmi! Kuna jiko la nje la mafiga, banda la kuku, mti wa mkuyu, na kichuguu kirefu hivi kimeota nyasi. Kumbe kile kichuguu ndo udongo alioutoa chini miaka yote hiyo, amebeba karai kwa karai.

Stori yenyewe iko hivi. Mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998 zilimwangushia nyumba yake ya udongo iliyokuwa chini karibu na ziwa, akahamia huku juu kilimani. Akaezeka kibanda cha bati, kidogo, akaanza kuchimba shimo la choo. Amefika chini kama mita mbili akakutana na jiwe, jiwe kubwa la granite, haliendi kulia haliendi kushoto. Kazi ya wiki nzima imepotea. Akakaa mulemule shimoni kupumzika saa saba ile ya jua kali, anasema alisinzia, na alipoamka ilikuwa jioni na hakuwa na jasho hata tone. Juu kwenye bati alikuwa halali usiku kwa joto. Kesho yake hakuhamisha choo tu, akalirudia lile shimo na kuanza kuchimba kwa pembeni, kufuata ubavu wa lile jiwe. Hajaacha tangu siku hiyo, mpaka miaka ya juzi magoti yalipoanza kuuma.

Tulishuka watano watano. Ngazi ni tisa, kila ngazi ameweka jiwe bapa mbele ili isimomonyoke. Mlango uko chini inabidi uiname, afu ukiinuka tu unakuta sebule, na ukuta mmoja wote wa sebule ni lile jiwe, lenyewe, hakuligusa, amelisugua tu likawa linang'aa na ukiweka mkono ni la baridi. Kutoka hapo kuna kikorido kinaingia chumba cha kulala na kingine cha kuhifadhia chakula, michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) na udaga (muhogo uliovundikwa na kukaushwa) na mbegu. Kitanda hakuleta, alikiacha. Yaani wakati anachimba chumba aliacha tuta la udongo urefu wa mtu, akalisawazisha, juu ametandika mkeka na godoro jembamba. Meza pia aliiacha. Ukutani kuna mashubaka saba madogo ya kuwekea koroboi na redio na Biblia yake na miwani. Mzizi wa mkuyu umetokeza kwenye ukuta wa korido mnene kama mkono, hakuukata, ndo anapotundika kofia. Sakafu na kuta amezipiga kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na samadi na majivu, kama bibi zetu walivyokuwa wanafanya, haina vumbi kabisa.

Mimi nimesoma joto la ardhi kwenye kitabu lakini sikuwahi kulisikia kwenye ngozi mpaka siku ile. Tulibeba kipimajoto cha maabara, nje kivulini saa nane mchana kilisoma 30, chumbani kwa babu 24, tukarudia mara tatu kwa sababu hatukuamini. Mwalimu akatueleza palepale tukiwa tumekaa kwenye kitanda cha udongo kwamba joto la jua la mchana mmoja haliendi mbali ardhini, ukishuka kama mita moja mchana na usiku havitofautiani tena, ukienda chini zaidi unakutana na wastani wa joto la mwaka mzima wa mahali hapo, na sisi huku ziwani wastani wetu ni huohuo wa ishirini na kitu. Babu akasikiliza yote hayo afu akasema yeye alilijua siku aliyosinzia.

Na hewa je? Hilo ndo nilimuuliza mimi. Ametoboa matundu mawili, moja la chini karibu na mlango na jingine refu kutoka dari ya chumba cha kulala mpaka juu, amelifunika kwa chungu kilichopasuka kitako ili mvua isiingie, hewa ya moto inapanda inatoka juu na hewa mpya inaingia chini. Jiko la mkaa haliruhusiwi kuingia mle hata siku ya mvua kubwa, alishasikia habari za watu waliolala na jiko la mkaa ndani wasiamke. Kuzunguka juu kote amechimba mtaro na tuta la kuzuia maji. Na pale kwenye mwamba mdogo uliomzuia korido aliwasha kuni juu yake mpaka ukapasuka kisha akaugonga na nyundo, ni njia ileile ya mama zetu wanaoponda kokoto huku kwetu. Hajawahi kusomea ujenzi. Darasa la nne.

Tuliporudi tulisoma kila kitu tulichoweza kupata kuhusu watu wanaochimba nyumba. Kumbe Wachaga kule Kilimanjaro walichimba mahandaki ya kujificha na mifugo yao zamani za vita na Wamasai, na Wairaqw wa Mbulu walikuwa wanajenga nyumba zilizozama ubavuni mwa kilima kwa sababu hiyohiyo. Australia kuna mji unaitwa Coober Pedy, wachimbaji wa vito vya opali wanaishi chini tangu enzi za 1915 na kuendelea, sababu ni joto tu kama babu. Lakini aliyetugusa sana ni Baldassare Forestiere, mtu wa Sicily aliyehamia Marekani akanunua shamba Fresno, California, akakuta udongo wake mgumu kama mwamba haufai miti ya matunda, akaanza kuchimba mwaka 1906 na vifaa vya mkono na akaendelea kama miaka 40 mpaka alipofariki 1946, vyumba na korido na mpaka miti ya michungwa imepandwa chini inapata jua kwa matundu ya juu. Leo watu wanaenda kuitembelea. Yule alikuwa na shamba lisilofaa kwa matunda, huyu wetu alikuwa na shimo lisilofaa kwa choo. Tulipomsomea babu habari hiyo kwenye simu alinyamaza muda mrefu, akauliza huyo mzungu alikuwa na mke? Tukamwambia hapana. Akasema basi ndo maana alipata muda wa kuchimba sana.

Sasa mgeni rasmi naomba nifike kwenye lile jambo.

Kwenye dari ya chumba cha kulala kuna ufa. Unaanzia kwenye lile tundu la hewa unakuja mpaka ukutani, upana wa ukucha. Babu anasema ulitokea masika ya mwaka huu na kwamba ni plasta tu imekauka. Mwalimu hakuridhika. Alichukua saruji kidogo akaibandika juu ya ufa sehemu tatu, vibandiko vidogo kama sarafu, akaandika tarehe kwa kalamu, akatufundisha kwamba ufa ukiwa umelala kibandiko kitabaki kizima, ukiwa unatembea kitapasuka. Tukamwachia mjukuu wa pale kazi ya kuangalia kila Jumapili. Wiki ya sita akapiga simu, kibandiko cha katikati kimepasuka. Wiki ya tisa vyote vitatu.

Juu ya ile dari kuna udongo wa kama mita mbili na nusu mgeni rasmi, na babu analala chini yake kila usiku. Na vuli ndo hizo zinakuja.

Tulimwomba ahamie juu akakataa, sio kwa hasira, kwa upole tu. Kile kibanda cha bati kilishaoza. Anasema nyumba yake ya kwanza ilibebwa na maji na hii ameichimba mwenyewe, hawezi kuikimbia kwa ajili ya ufa. Sisi tunamuelewa. Lakini mwenzetu ambaye ni mjukuu wake tangu siku ile ya simu hali vizuri bwenini, na wote tunajua kwanini, kwahiyo hili sio somo la jiografia tena.

Tunayoomba ni haya. Tunaomba utusaidie kupata mtaalamu wa madini au wa miamba aende Ukerewe kabla vuli haijakolea, aangalie ile dari na aseme kweli kama inashikika. Wachimbaji wadogo wa Geita wanajua kuweka matimba, yaani magogo ya kuegemeza, kwenye maduara yao, yale mashimo ya dhahabu, ili yasiwafukie, tunadhani hata chumba cha babu kinaweza kuwekewa matimba hivohivo, ila hatutaki kubahatisha na sisi ni wanafunzi tu. Pili tunaomba mabati na mbao na mifuko ya saruji ya kujenga chumba kimoja juu, karibu na ule mkuyu, ili alale huko wakati dari inatengenezwa, mafundi sio shida, wazazi wawili waliopo hapa leo ni waashi na wamejitolea nguvu zao bure, tunawashukuru sana. Klabu tumechanga kidogokidogo na kuuza miche, fedha tuliyonayo inatosha nauli ya mafundi kwenda na kurudi na nauli ya kivuko kwa mbao zote.

Na tunaomba kamera, hata ya kuazima, na futi ya kupimia ya mita 30. Tulichora ramani ya nyumba kwa hatua za miguu na haitoshi. Tunataka ipimwe vizuri kila shubaka, kila ngazi, ulipopita mzizi, yeye mwenyewe akiwa hai anatueleza kwanini alikata kona pale na sio hapa, maana hakuna mahali pengine hayo yameandikwa zaidi ya kichwani kwake.

Walimu wetu na uongozi wa shule wametuunga mkono mwanzo mpaka mwisho na tunawashukuru mbele yako.

Babu anajua kwamba leo risala inasomwa. Alituma machungwa, yako kwenye kile kiroba pale mezani, ni ya kwako mgeni rasmi, na ametuagiza tukuambie kwamba ukifika Rugezi umuulize dereva wa bodaboda yeyote mzee wa shimoni, watakuleta. Kesho jioni baada ya ibada mjukuu atapiga simu kama kawaida kutuambia vibandiko vinaendeleaje, na tungependa sana tuwe na jibu la kumpa.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanachama wote wa klabu