Barua ya wazi kwa Dk. Donald Rukare: vinyoya virudi Madola na visitolewe tena

Mheshimiwa Rais wa Commonwealth Sport, shirikisho linalosimamia Michezo ya Jumuiya ya Madola, Dk. Donald Rukare,

Shikamoo mheshimiwa. Mi ni mwalimu wa michezo kwenye shule moja ya sekondari hapa Mwanza, ng'ambo ya ziwa tu kutoka kwenu Uganda, na nakuandikia wazi namna hii kwa sababu jambo lenyewe sio langu peke yangu, ni la vijana wengi wa Afrika Mashariki ambao hawana pa kulisemea. Ni habari ya badminton, mpira wa vinyoya. Tarehe 23 Julai 2026 Michezo ya Jumuiya ya Madola inafunguliwa Glasgow na vinyoya havimo. Tangu viingie Kingston, Jamaica, mwaka 1966 havijawahi kukosekana, mara 15 mfululizo vimechezwa, Birmingham 2022 ikiwa ya mwisho, halafu vikakatwa kwa tangazo moja la Oktoba 2024.

Kwanza niseme haki. Najua lile tangazo lilitoka wewe hujawa rais. Najua pia Glasgow waliiokoa hii michezo, maana Victoria kule Australia walijitoa Julai 2023 wakisema gharama zimewashinda, wakalipa fidia ya dola milioni 380 za Australia, na hakuna mji uliokuwa unakimbilia kubeba huo mzigo. Glasgow wakasema sawa tutafanya, ila kwa hela kidogo, michezo 10 tu na viwanja vinne vilivyo karibu karibu. Hapo siwalaumu, bora michezo midogo kuliko kukosa kabisa.

Lakini mheshimiwa, angalia ni wapi vimekatwa. Scotland imeshakuwa mwenyeji wa Madola mara tatu, Edinburgh 1970, Edinburgh 1986 na Glasgow 2014, na mara zote tatu vinyoya vilichezwa. Mwaka 2014 vilichezwa ndani ya Emirates Arena na binti wa nyumbani kwao Kirsty Gilmour akachukua fedha mbele ya watu wake, dhahabu ikaenda kwa Michelle Li wa Canada. Ukumbi huohuo mwaka 2017 ukabeba mashindano ya dunia, ile fainali ya wanawake ya Nozomi Okuhara wa Japan na P. V. Sindhu wa India iliyochukua dakika 110, mi nadhani kila anayependa huu mchezo ameshaiangalia zaidi ya mara moja. Hata Craig Reedie, aliyekuwa rais wa shirikisho la dunia la badminton miaka ya themanini mwanzoni na kuhangaika mpaka mchezo ukaingia Olimpiki Barcelona 1992, ni mtu wa Scotland. Na ule ukumbi wa Emirates upo ndani ya mpango wa 2026, ni mmoja wa vile viwanja vinne! Kwa hiyo kuniambia hakuna pa kuchezea hapana. Uwanja wa vinyoya ni mita 13.4 kwa 6.1, unahitaji paa refu na upepo usiingie, basi, hujengi kitu kipya.

Sasa nani aliyeumia? Sio Sindhu, sio Wamalaysia. Wao wana ziara za dunia karibu kila wiki, wana ubingwa wa dunia, wana Olimpiki, wana wadhamini. Madola ikikosekana watasikitika kidogo wapande ndege waende Jakarta. Aliyeumia ni kijana wa Kampala, wa Lusaka, wa Nairobi, wa hapa Mwanza, ambaye Madola ndo ulikuwa mlango pekee aliouona upo wazi.

Naomba nieleze hili vizuri maana watu wengi hawajui njia ya Olimpiki kwenye vinyoya ilivyo. Dunia nzima wanaingia wachezaji mia na sabini na kitu tu, wanaume na wanawake, mmoja mmoja na wawili wawili wote kwa pamoja. Na wengi wanapatikana kwa pointi za viwango vya dunia, kwa Paris 2024 zilihesabiwa kuanzia tarehe 1 Mei 2023 mpaka 28 Aprili 2024, yanachukuliwa mashindano 10 uliyofanya vizuri zaidi. Kumi! Maana yake ukitaka kushindana nao itabidi usafiri mara kumi au zaidi ndani ya mwaka, tiketi, viza, hoteli, ada ya kujiandikisha, vinyoya vya kufanyia mazoezi. Mtoto wa nesi au wa dereva wa daladala atatoa wapi hizo hela? Bara letu linatunziwa nafasi chache sana za kuingilia, na hizo chache zinagombaniwa na watu wenye uwezo wa kuzunguka. Madola ilikuwa tofauti, nchi inapewa nafasi zake, chama kinachagua kikosi, mtoto anapanda ndege kwa jina la nchi sio kwa mfuko wa baba yake.

Na wewe hii unaijua kwa sababu ilitokea kwa watu wako. Birmingham 2022, mashindano ya timu mchanganyiko, nchi 16, na Uganda ilikuwepo, Zambia ilikuwepo, Mauritius na Afrika Kusini zilikuwepo. Kwenye mmoja mmoja Husina Kobugabe wa Uganda akafika hatua ya 16 bora akakutana na Sindhu mwenyewe, bingwa wa dunia wa 2019. Alifungwa 21-10, 21-9. Kuna watu wakiona hizo namba wanasema kafungwa vibaya. Mi nilivyoona nikasema huyu dada kachukua pointi 19 kwa mtu aliyetoka na dhahabu ya mashindano yaleyale, na amezipata kwa kucheza naye uso kwa uso. Mwaka mzima unaweza kufanya mazoezi nyumbani na usijue smashi, lile pigo la nguvu la kushusha kinyoya, ya kiwango kile inafika kwa spidi gani, mpaka usimame upande wa pili wa wavu. Kobugabe alirudi Kampala anajua. Mwenzake wa 2026 hatajua.

Halafu kuna jambo la hiyo timu mchanganyiko ambalo kwangu mi ndo zito kuliko yote. Kwenye vinyoya pambano la timu linakuwa na mechi tano: mwanaume mmoja, mwanamke mmoja, wanaume wawili, wanawake wawili, na mwanaume na mwanamke pamoja. Huwezi kushinda kwa kuwa na wavulana wazuri tu, haiwezekani kihesabu. Kwa hiyo chama kikitaka timu lazima kitafute mabinti, kiwafundishe, kiwasafirishe, kiwape muda uleule wa uwanja. Sijui mchezo mwingine unaolazimisha hivi. Nimeona shuleni, ukiweka netiboli wavulana wanakaa pembeni, ukiweka soka wasichana wanasukumwa pembeni, ukifunga wavu wa vinyoya wanacheza wote na msichana anamfunga mvulana mbele ya darasa zima na hakuna anayeshangaa.

Sisi tunachezea bwaloni mheshimiwa. Tunasogeza mabenchi baada ya chakula, tunafunga wavu, tunafunga na madirisha upande wa ziwa kwa sababu upepo ukiingia kinyoya kinaenda kinapotaka chenyewe. Vile vya manyoya halisi, vya manyoya 16 ya bata bukini, tunavihifadhi kwa ajili ya mechi tu maana vinakatika haraka na bei yake sio ya shule ya serikali, mazoezi tunatumia vya nailoni. Raketi moja wanapokezana watu. Na pamoja na hayo yote wanakuja! Wanakuja mapema kuliko timu ya soka. Mwaka ule wa Birmingham niliwaambia kuna Waganda wanacheza huko, wakaangalia kwenye simu, na kuna binti akaniuliza mwalimu Tanzania tunaenda lini. Nikamwambia jitahidi, 2026 sio mbali. Sasa 2026 imefika, amejitahidi kweli, na mlango haupo.

Kwetu Tanzania Madola sio kitu kidogo, naomba uelewe. Filbert Bayi aliivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 Christchurch 1974 kwenye Madola. Alphonce Simbu alichukua fedha ya marathoni Birmingham na baadae akaja kuwa bingwa wa dunia Tokyo 2025. Watu wetu huwa wanaonekana hapo kwanza. Riadha wana hakika ya kuonekana kila baada ya miaka minne, vinyoya hawana hakika hata ya kuwepo.

Na hapa ndo nafika kwenye kiini cha barua yangu. Tatizo halikuanza Glasgow. Oktoba 2021 Shirikisho lenu lilipitisha mwongozo kwamba michezo ya lazima ni riadha na kuogelea tu, mingine yote mwenyeji achague. Nia ilikuwa nzuri, kumpunguzia mwenyeji gharama. Lakini matokeo yake ndo haya, mchezo uliokaa tangu 1966 unatoka, basketi ya watatu watatu iliyoingia kwa mara ya kwanza 2022 inabaki. Sina ugomvi na basketi, vijana wanaipenda na iendelee. Nauliza tu, mchezo unapimwa kwa kitu gani? Wewe mwenyewe ni mtu wa kuogelea, umeongoza chama cha kuogelea Uganda, na kuogelea ni mmoja kati ya michezo miwili isiyoguswa. Mtoto anayeogelea Kampala leo akiwa na miaka 12 anaweza kupiga hesabu, 2030 nitakuwa na miaka kadhaa, 2034 kadhaa, nafasi yangu ipo. Kocha wake anaweza kupanga. Wizara inaweza kupanga bajeti. Mtoto wa vinyoya hawezi kupiga hesabu hiyo, na chama chake kikienda wizarani kuomba hela kinaulizwa mashindano yenyewe yako wapi. Hakuna jibu. Mchezo unakufa kwa njia hiyo, sio kwa kukosa wachezaji.

Najua utasema 2030 ni India, Ahmedabad, na vinyoya India hawawezi kuviacha. Kweli, Birmingham walichukua dhahabu 3 kati ya 6, Sindhu, Lakshya Sen, na akina Satwiksairaj Rankireddy na Chirag Shetty. Ila mlivyoitangaza Ahmedabad mkiwa Glasgow Novemba 2025, mlisema itakuwa michezo 15 hadi 17, mkathibitisha kadhaa papo hapo, mpira wa meza ukiwemo, na badminton ikawekwa kwenye kundi la inayofikiriwa. Inayofikiriwa! Tuseme imerudi, nafurahi, lakini imerudi kwa sababu mwenyeji anaipenda. Akija mwenyeji mwingine asiyeipenda, tunaandika barua nyingine.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni badminton iwekwe kwenye michezo ya lazima, pamoja na pambano la timu mchanganyiko, iandikwe kwenye mwongozo kama riadha na kuogelea zilivyoandikwa. Kama bajeti ya mwenyeji ni ndogo, punguzeni idadi ya wachezaji, punguzeni siku, lakini msiufute mchezo.

La pili ni hili pengo. Kutoka Birmingham 2022 mpaka Ahmedabad 2030 ni miaka minane. Aliyekuwa na miaka 18 atakuwa na 26, kwenye vinyoya miguu ya 26 sio ya 18, miaka yake mizuri imepita hakuna mashindano. Naomba muongee na shirikisho la dunia la badminton yaandaliwe mashindano ya Madola ya vinyoya peke yake hapo katikati, na naomba yafanyike Afrika Mashariki. Sisemi hewani. Kampala wameshaandaa mashindano ya kimataifa ya vinyoya pale MTN Arena Lugogo mara nyingi tu, waamuzi wapo, ukumbi upo, wageni kutoka India wanapajua. Kutoka Mwanza kuja Kampala tunakuja hata kwa basi kupitia Mutukula. Glasgow tusingeweza hata kuota.

La tatu, msiwasahau walemavu. Uganda imekuwa ikiandaa mashindano ya kimataifa ya vinyoya vya walemavu tangu 2017, mchezo ukaingia Paralimpiki Tokyo, na Ritah Asiimwe wa Uganda alikuwepo kucheza. Madola haijawahi kuwa nao hata mara moja, wakati inajisifia kuchanganya walemavu na wasio walemavu kwenye programu moja. Ahmedabad iwe ya kwanza, na wewe ndo mtu sahihi wa kulisimamia hilo kwa sababu limekulia nyumbani kwako.

Mheshimiwa, wewe ni wa kwetu, sio siri kwamba ulivyochaguliwa wengi tulifurahi, tukasema sasa juu kule kuna mtu anayejua shule ya serikali ya Afrika Mashariki inafananaje. Orodha ya 2030 ikija mezani kwako naomba uangalie kwanza mstari wa badminton uko kwenye kundi gani. Na kama utapenda kuona wachezaji wenyewe, ukipita Mwanza karibu sana bwaloni, Jumanne na Alhamisi baada ya vipindi, tutakupa raketi.

Wako,
Mwalimu wa michezo, Mwanza