Mirza Ghulam Ahmad ajibiwe kwa alichodai

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nitoe maoni yangu kuhusu makala mliyoichapa juu ya maisha ya Mirza Ghulam Ahmad wa Qadian, Punjab, mwanzilishi wa Jumuiya ya Ahmadiyya. Mimi ni Sunni na silikubali dai lake la kuwa Masihi aliyeahidiwa na nabii, na ndiyo maana nimesikitika kuona makala ikimmaliza kwa tuhuma moja tu, kwamba alikuwa kibaraka wa Waingereza, huku dai lenyewe likipitwa kwa mbali.

Utiifu wa familia yake kwa Waingereza si siri iliyofichuliwa na mwandishi wenu. Mirza mwenyewe aliandika, tena kwa kujivunia, kwamba baba yake aliisaidia serikali kwa wapanda farasi 50 katika maasi ya mwaka 1857 ya kuupinga utawala wao India. Lakini tumtazame Muhammad Hussain Batalvi, mwanazuoni wa Ahl-i-Hadith (kundi la Kisunni linaloshikilia Qurani na Hadithi bila kufuata madhehebu) aliyemfahamu Mirza tangu ujanani. Batalvi naye aliandika kwamba haijuzu kupigana jihadi dhidi ya Waingereza waliotawala India. Katika miaka ya 1880, Mirza alipokuwa akijibizana kwa kalamu na wamisionari wa Kikristo na Wahindu wa Arya Samaj, harakati ya kurekebisha dini yao, Batalvi alimsifu waziwazi katika jarida lake kuwa mtetezi wa Uislamu. Na ni Batalvi huyo huyo aliyezunguka kukusanya saini za masheikh kwenye fatwa ya kumkufurisha. Uhusiano wa Mirza na serikali haukuwa umebadilika. Kilichobadilika ni kwamba mwaka 1891 alitangaza kuwa Nabii Isa amekwisha kufa kifo cha kawaida, na kwamba Masihi aliyeahidiwa ni yeye. Baadaye akajiita nabii pia, ingawa kwa maana ambayo wafuasi wake wenyewe walikuja kugawanyika juu yake mwaka 1914, miaka sita baada ya kufariki kwake.

Hapa kwetu mjadala huu umewahi kuendeshwa kwa kiwango cha juu zaidi. Waahmadiyya walipochapisha tafsiri yao ya Qurani kwa Kiswahili mjini Nairobi mwaka 1953, wakiongozwa na Sheikh Mubarak Ahmad, Sheikh Abdullah Saleh Farsy, mwanazuoni wa Kisunni wa Zanzibar, hakutosheka kuwatukana. Alikaa akafasiri Qurani nzima, na katika maelezo yake akawajibu aya kwa aya. (Makala pia imesahau kwamba Sheikh Amri Abedi, Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam, alikuwa mmoja wa masheikh wa Jumuiya hiyo.)

Kama mna nia ya kuendeleza makala hiyo, namwomba mwandishi aanze na tangazo la mwaka 1891, alinukuu jinsi lilivyo, kisha aliweke mbele ya aya ya 40 ya Suratul Ahzab, inayomwita Mtume Muhammad Mwisho wa Manabii.

Msomaji wenu,
Tabora