Barua kwa mwanangu, kuhusu ile kazi ya mlinzi

Mwanangu,

Waalaykum salaam. Ile sauti uliyonitumia WhatsApp nimeiskiza mara tatu, ya kwanza nikiwa dukani na makanga wa Mwembe Tayari wanaita abiria sikushika kitu, ya pili kwenye feri, ya tatu usiku mamako ashalala. Sikukujibu kwa sauti kwa sababu mimi wanijua, nikishika simu nasahau nilichotaka kusema. Basi nakuandikia. Ni refu, soma polepole, ukichoka weka kando halafu urudi.

Nimeelewa hivi: odishani umepita, kazi ni ya miezi mitatu, pesa hujawahi kuziona hizo, na mtu mwenyewe utakayemuigiza ni mlinzi wa geti kutoka Mombasa, kutwa yuko usingizini, akiamka ni kuulizia mahamri na kuvuta maneno hadi waya ukatike, ndo watu wacheke. Na waniuliza, baba nichukue?

Miaka mitatu nyuma ningekwambia rudi nyumbani uje ushike solda, redio zimejaa hapa. Wajua nilivyokasirika ulipoondoka na basi la usiku. Lakini sasa sina ujeuri huo, na swali lako limenikumbusha mtu, nataka nikueleze habari zake kwanza.

Sidney Poitier, muigizaji mweusi wa filamu za Marekani. Jina ulishaliskia kwangu, yule niliyekuwa nikimtazama kwa video ukiwa mdogo ukalia wataka katuni. Kitabu alichoandika kuhusu maisha yake nilikipata kwa wauza mitumba, jalada halina, nimekisoma mpaka kurasa zimeanza kutoka.

Wazazi wake walikuwa wakulima wa nyanya kisiwa kimoja cha Bahamas kiitwacho Cat Island, stima hakuna, gari hakuna. Wakaenda Miami kuuza nyanya zao na mama akiwa mjamzito, mtoto akaja kabla ya siku zake, Februari 1927, hata kilo moja na nusu hakufika. Babake akatoka akarudi na kiboksi cha viatu, cha kumzikia. Mamake ndo akakataa, akaenda kwa mtabiri akaambiwa huyu ataishi na atatembea na wafalme (hayo ya watabiri tuwaachie wenyewe, lakini mama kukataa naliamini). Shule alisoma kama mwaka mmoja na nusu hivi. Akiwa na miaka 15 akapelekwa Miami kwa nduguye, 16 yuko New York peke yake, analala stesheni, anaosha vyombo mahotelini.

Sasa skiza hapa, kwa sababu ya ile odishani yako ya kwanza, ile uliyonipigia ukilia kwamba walikwambia Kiingereza chako kina samaki na nazi. Poitier aliona tangazo kwenye gazeti, wanatafutwa waigizaji, American Negro Theatre, kikundi cha maigizo cha weusi huko Harlem, New York. Akaenda. Akapewa karatasi asome, na kusoma hajui vizuri, na lafudhi ni ile nzito ya visiwani. Mwenye kumsikiliza akamnyanyua akamtoa mlangoni, akamwambia aache kupotezea watu wakati akatafute kazi ya kuosha vyombo. Na yeye ndo kazi yake hiyo! Akatembea njiani akijiuliza, huyu amejuaje? Mimi hapo kwenye kitabu niliweka alama ya kalamu.

Alichofanya ni kununua redio. Wallahi nilipofika hapo nilisimama nikamuita mamako. Akishainunua akawa anaskiza mtangazaji akisema, naye anarudia, miezi, neno kwa neno, mpaka ulimi ukageuka. Na kusoma alifundishwa na mzee mmoja Myahudi, mhudumu wa pale hotelini alipokuwa anaosha vyombo, kila usiku kazi ikiisha wanakaa na gazeti. Baadae alisema hakupata kurudi kumshukuru mzee yule. Halafu akarudi kule kule walikomfukuza, akawaambia nitawafagilia jengo bure mnifundishe.

Stejini usiku wa kwanza Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, 1946, alitoka akaona watu wengi, maneno yakamruka yote, akaanza kusema mistari ya mbele kabla ya nyuma, watu wakacheka akakimbilia nyuma akajua yamekwisha. Wakosoaji kumbe walimpenda wakadhani ndo uchekeshaji wenyewe. Mchezo ulifungwa baada ya siku chache lakini yeye akabaki. Wewe uliposahau maneno pale Little Theatre, Mnazi Mosi Road, ukakaa siku mbili huli, nilitaka kukueleza hii sikujua niianzie wapi. Nilikuwa nimekaa nyuma kabisa siku hiyo. Hukujua nilikuja.

Sasa swali lako.

Katikati ya miaka ya hamsini, filamu kadhaa ashafanya lakini mfuko mtupu, mkewe mja mzito, mtoto wa pili. Ajenti akamuita, kuna kazi, dola 750 kwa wiki, pesa za wakati ule hizo. Akaichukua skripti akaisoma. Mtu wake ni mfagizi aliyeona uhalifu, majambazi wakataka kumnyamazisha, wakamuua bintiye wakamtupa uani kwake. Na yule mfagizi kwenye hadithi hafanyi kitu. Hasemi, hainuki, ananyamaza tu. Poitier akairudisha, akasema hapana. Ajenti akamuuliza kwani kuna tusi la rangi humo? Hakuna. Sasa shida nini? Hakumwambia. Ila kitabuni ameandika: alimfikiria babake, Reginald, mkulima wa nyanya, akajua babake hangenyamaza bintiye akiuliwa. Basi hawezi kucheza baba asiyekuwa baba.

Akatoka pale akaenda kukopa dola 75 za hospitali ya kujifungulia mkewe, rehani ni fanicha za nyumba. Ajenti huyo huyo baadae ndo akamwambia mtu mwenye wazimu kama huu lazima nimsimamie, wakafanya kazi pamoja miaka na miaka.

Mimi ukurasa huo sikuweka alama. Niliufunga. Kwa sababu nilijiuliza, mwanangu akipewa karatasi kama ile, atamfikiria babake? Na akimfikiria ataona nini? Mtu alompiga marufuku kuigiza, akamfichia ada ya chuo miezi miwili ili akate tamaa. Ndio, ile ada haikuchelewa benki. Nilikuwa nayo.

Baada ya hapo mengine wayajua. Alikuja hapa kwetu kuigiza filamu ya mambo ya Mau Mau pamoja na Rock Hudson, ikatoka 1957, wakoloni bado wapo. 1959 yuko Broadway kwenye mchezo wa familia ya weusi wa Chicago, na mwaka huo huo yeye na mwimbaji Harry Belafonte na mcheza besiboli Jackie Robinson wakatia sahihi barua ya kuomba michango, ndo wanafunzi 81 wa Kenya wakapanda ndege ya kina Tom Mboya kwenda kusoma Marekani. Mtu aliyesoma mwaka na nusu, huyo! 1964 akapata Oscar, ile tuzo kubwa ya filamu, mwanamume mweusi wa kwanza kuwa muigizaji bora, na wa pili asitokee mpaka Denzel Washington 2002, miaka 38. Mwaka huo huo wa 1964 yeye na Belafonte walibeba dola 70,000 taslimu kuzipeleka Greenwood, Mississippi, kwa vijana waliokuwa wakiandikisha weusi kupiga kura, na Ku Klux Klan, genge la wazungu wabaguzi, wakawafukuza na magari usiku. Ile filamu ya 1967 mzungu tajiri anampiga kofi naye anamrudishia papo hapo, ukiiangalia leo utasema kofi tu, lakini uliza kabla ya hapo nani alirudisha. Amefariki Januari 2022, miaka 94.

Ila usidhani nakupa mahubiri. Huyu huyu aliyekataa, weusi wenzake walimsema. Walisema anaigiza watu wasafi mno, kila siku suti, hakasiriki, hana mapenzi, anawafurahisha wazungu. Ilimuuma na hawakukosea chote. Kwa hivyo hata ukikataa, wa kukusema watakuwepo. Na kabla yake kuna Hattie McDaniel, yeye aliigiza watumishi wa ndani miaka nenda rudi, ndo mweusi wa kwanza kupata Oscar, 1940, na usiku wa kuipokea akakalishwa meza ya kando mbali na wenzake. Nani wa kumlaumu? Mimi sithubutu. Alikula, na mlango akaacha wazi kidogo.

Kwa hivo jibu la ndio au la sina. Nina maswali tu. Huyo mlinzi ana jina kwenye karatasi, au ni "mlinzi" tu? Ana mtu nyumbani anamtumia pesa? Analala kwa nini, yuafanya kazi mbili? Mimi nimelinda geti Nyali mwaka mzima kabla hujazaliwa na nilisinzia, kwa sababu mchana nilikuwa naenda kujifunza redio. Muulize dairekta kama anaweza kuambiwa hilo. Akicheka, ushajua. Akiskiza, pengine kuna kitu hapo, na hayo mahamri mwachie ayaulize, hata mimi nayauliza kila asubuhi.

Na lafudhi yao jifunze, usione haya, Poitier alijifunza. Lakini ukinipigia mimi ongea kama ulivyozaliwa, wiki jana ulisema "naskia poa sana buda" nikatazama simu nikadhani nimepiga kwingine.

La mwisho. Nimeuza ile redio kubwa ya mbao, ya mteja aliyeiacha tangu 2011 hakurudi tena, mzungu mmoja mkusanya vitu vya kale ameipenda. Nimekutumia elfu kumi na mbili kwa M-Pesa, ya kodi mwezi huu na unusu wa ujao. Umeshaiona meseji nadhani ukadhani nimekosea namba. Sikukosea. Nataka ukiamua, uamue kodi ikiwa imelipwa. Mamako usimwambie bei, aliniambia isishuke elfu ishirini.

Nasimama hapa Likoni, watu wanaanza kusukumana, feri imefungua mlango. Jumapili nipigie, ila baada ya alasiri, kabla ya hapo nina TV ya watu.

Babako.