Yah: Gololi mliyoifunga kwenye pikapu yangu, na maneno niliyoambiwa kaunta

Kwa Meneja wa Tawi, Mtwara
Nakala: Idara ya Huduma kwa Wateja, Makao Makuu, Dar es Salaam

Ndugu Meneja,

Kwa heshima na taadhima naandika kuhusu kazi ya kufunga chuma cha kuvutia tela iliyofanywa gereji kwenu. Namba ya stakabadhi mnayo, kadi ya kazi mnayo, na masharti ya dhamana ya miezi 12 mmeyachapa wenyewe nyuma ya stakabadhi, kwa hiyo sitapoteza wino kuyarudia. Mnajua mliahidi nini.

Mezani kwangu ninapoandika ipo gololi mliyoniuzia, tufe la chuma linalokaa nyuma ya gari ili tela lishikwe hapo. Juu ya kichwa chake pamegongwa 1-7/8. Hizo ni inchi, na ukizigeuza kuwa milimita unapata 47.6. Kikombe cha tela langu, kile cha mbele kinachoifunika gololi, kimeandikwa 50 ubavuni, yaani milimita, kwa tarakimu za kuchomoza ambazo hata gizani mtu angezisoma kwa kidole. Fundi wenu alikishika kikombe hicho, akakifuta grisi kwa kitambaa, akakifunika juu ya gololi, akashusha lachi ya kukifungia, akasema, "Tayari mzee, safari njema." Nikalipa shilingi 680,000 taslimu. Tofauti ni milimita mbili na ushee, na mnaofanya kazi hii kila siku mnajua maana yake. Lachi inashuka, kikombe kinaonekana kimekaa, jicho haligundui chochote. Lakini barabara ikiirusha pua ya tela, yaani ncha yake ya mbele, kikombe kinapanda na kuivuka gololi, tela linabaki halina mwenyewe.

Ndivyo ilivyotokea, baada ya kupita Mpapura, kabla ya kufika Kiwalala. Nilikuwa naelekea Lindi, halafu Kilwa Masoko, ambako wageni walishalipa malazi ndani ya tela hilo. Nilikuwa gia ya nne, spidi 60, barabara kavu. Gari likaruka kidogo kwenye kiraka cha lami, nikasikia mlio ambao sijui niufananishe na nini, na kwenye kioo nikaliona tela langu likija upande wangu, pua imelala chini, cheche zinaruka. Likavuka mstari wa katikati. Bodaboda mmoja aliyekuwa anakuja na abiria alijitupa pembeni kwenye mikorosho, na Mungu ndiye aliyewanusuru, si kampuni yenu. Mtungi wa gesi unakaa puani mwa tela, ndani ya kisanduku cha bati. Kisanduku kilisagika chote. Mtungi wenyewe nimeukuta na mkwaruzo wenye urefu wa kiganja. Nawaomba msome sentensi hiyo mara mbili kabla ya kuendelea.

Sasa swali ambalo hakuna aliyetaka kulijibu: cheni ziko wapi? Kwenye ankara yenu imeandikwa "cheni za usalama 2" na bei yake pembeni. Kwenye kadi ya kazi mstari huo una alama ya vema. Cheni mbili zikipitishwa kwa kupishana chini ya pua, kikombe kikichomoka pua inaangukia juu ya cheni, haigusi lami, na dereva anapata nafasi ya kusimama taratibu. Nililipia cheni ambazo hazikufungwa. Waya wa kukaza breki za tela linapochomoka nao ulikuwa umeviringishwa na kubanwa kwa mpira wa baiskeli, haukuunganishwa popote. Kilichokuwa kinashikilia tela la kilo 840 nyuma ya gari langu ni waya wa taa.

Niliwapigia simu nikiwa kandokando ya barabara. Nikaambiwa dhamana inahusu kifaa kilicholetwa gereji. Nikauliza nitakiletaje wakati kimelala ubavu barabarani. Simu ikakatwa. Gari la kuvuta nililikodi mwenyewe kwa shilingi 250,000.

Nilipokuja ofisini kwenu nilikuja kwa adabu, mashahidi wapo. Niliiweka gololi juu ya kaunta, nikaweka na stakabadhi. Kijana wenu, ambaye beji yake inasema ni msimamizi, hakusalimu. Hakuisoma stakabadhi. Aliisukuma gololi kwa kidole kimoja. Kwa kuwa ina shingo haikuviringika moja kwa moja, ilizunguka nusu duara, ikafika ukingoni, ikaanguka sakafuni kwa kishindo kilichowageuza wateja wote. Ndipo akasema kwa sauti ya kusikika hadi nje: "Mzee, pikapu ya umri huu ni ya kubebea kuni. Nani alikutuma uvute tela la wazungu?" Watu wakacheka.

Basi tuzungumzie huo umri. Pikapu yangu ni Hilux ya mwaka 1996, injini ya dizeli ya lita 2.8. Ni ya zamani, sikuificha, mliiona ikiingia getini. Tena ni fundi wenu aliyelala chini yake na tochi, akagonga chasisi kwa nyundo kuanzia mbele hadi nyuma, akaandika kwenye kadi "chasisi nzima, hakuna kutu ya kula." Klachi ilikuwa mpya. Rejeta ilikuwa imeoshwa. Springi za nyuma zilikuwa zimeongezwa jani. Fundi huyohuyo alinitaka nikapime uzito kabla hajagusa spana, na katika hilo nampa haki yake, aliongea kama anayeijua kazi. Nikaenda kuomba mizani kwenye ghala la korosho, nikapima tela likiwa na maji, gesi na magodoro: kilo 840. Pua peke yake kilo 90. Akasema ni sawa, kwa sababu pua inatakiwa ibebe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote, ikipungua hapo tela huanza kutikisa mkia, yaani kuyumba huku na huku. Namba hizo zote ziko kwenye kadi yenu kwa mwandiko wake.

Kwa hiyo gari la zamani lilipimwa, likakaguliwa, likapitishwa na ninyi. Kilichochomoka si gari. Gari lilibaki barabarani, breki zake zikashika, likasimama upande wake. Chuma chenu bado kimefungwa kwenye chasisi yangu na hakuna hata nati moja iliyolegea. Kilichofeli ni kipimo kisicho sahihi kilichotoka kwenye rafu yenu, kipya, ndani ya karatasi yake. Mngekifunga nyuma ya gari lililotoka bandarini jana, lingemwaga tela palepale. Kama sera yenu ni kutovutisha tela magari ya zamani, andikeni getini kwa maandishi makubwa, muone wateja wangapi wa Mtwara na Lindi watabaki. Huku kusini tunaendesha tulivyonavyo, tunavitunza, na fedha tunazowalipa hamjawahi kuziuliza umri.

Narudi kaunta, kwa sababu hapo juu nimeandika kwa kujizuia na kuna jambo nimeliruka. Sikueleza gololi ilipoanguka nani aliiokota. Aliiokota mke wangu. Alikuwa na mkono wa kushoto kwenye kitambaa cha shingoni, kwa sababu tela lilipochomoka alijishika kwenye dashibodi na kifundo kikateguka. Mama wa makamo, mwenye mkono mmoja unaofanya kazi, aliinama mbele ya wateja wenu kuokota chuma kizito kilichoangushwa na kijana anayeweza kuwa mwanawe wa mwisho. Na huyo kijana alisimama akamtazama. Shikamoo haikutoka. Pole haikutoka. Mke wangu alipoirudisha gololi kaunta na kusema, "Mwanangu, isome tu hiyo namba," alijibiwa, "Mama, mpeleke mzee nyumbani akapumzike." Wale waliocheka mara ya kwanza hawakucheka tena, mmoja wao alinyanyuka akampisha kiti. Nikaomba kumwona meneja. Nikaambiwa mambo ya dhamana yanaamuliwa Dar es Salaam. Mlango wa ofisi yako, Ndugu Meneja, ulikuwa wazi na feni ilikuwa inazunguka.

Mke wangu ametoka hapo hajasema neno hadi tunafika nyumbani. Mimi nimezoea maneno ya magereji. Yeye alikuja kunisindikiza tu.

Madai yangu ni haya. Mnirudishie shilingi 680,000 za kazi na shilingi 250,000 za kuvutwa. Mlitengeneze tela: fremu ya pua imepinda, kigurudumu cha mbele kimevunjika, kisanduku cha gesi, dirisha la kushoto na tangi la maji. Mtungi wa gesi mnunue mpya, huo uliokwaruzika siuweki tena karibu na watu wanaolala. Wageni wa Kilwa nilishawarudishia malipo yao yote, hasara hiyo nayo ni yenu. Nawapa siku 14.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini wakati naandika barua hii nimepata habari kutoka kwa jirani anayevuta tela la mashine ya kukoboa kwenda Tandahimba kwamba naye alifungiwa chuma kwenu. Nimekwenda kuangalia. Gololi yake imegongwa 1-7/8. Kikombe chake kimeandikwa 50. Cheni hana. Nimemwambia asiliondoe nyumbani, na ninawaambia ninyi kwa maandishi ili kesho msije mkasema hamkujua. Mna rafu nzima ya gololi za kipimo hicho, niliziona kwa macho yangu. Sijui magari mangapi yako barabarani hivi sasa yakiwa yamefungwa hivyo, lakini ninyi mnajua, kwa sababu kadi za kazi ziko kwenu na namba za simu za wateja zimeandikwa juu yake.

Kwa hiyo naongeza dai, na siku 14 nazipunguza ziwe 7. Mpigieni simu kila mteja mliyemfungia gololi ya aina hiyo, mmwite, mmbadilishie bure na mmfungie cheni alizolipia. Siku ya nane ikifika hamjafanya hivyo, nakala ya barua hii, pamoja na picha za gololi, kikombe, ankara na kadi ya kazi, inakwenda Tume ya Ushindani, FCC, ambayo ipo kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na inapokea malalamiko ya walaji kama mimi. Nakala nyingine inakwenda kwa askari wa usalama barabarani, ili wanaposimamisha matela njia ya Lindi wajue cha kuangalia. Nikitoka hapo nakwenda mahakamani. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka muuzaji aliyeelezwa kazi ya kifaa atoe kifaa kinachofaa kazi hiyo, nami niliwaeleza kazi yake na tela lenyewe niliwaletea hadi mlangoni. Msinitumie mtu wa kunibembeleza kwa simu. Simu yenu ilishakatwa mara moja nikiwa barabarani, sitapokea nyingine. Nataka majibu kwa barua, yenye mhuri na sahihi yako wewe.

Na lile la kaunta halilipwi kwa shilingi. Kijana huyo aandike kwa mkono wake mwenyewe barua ya kumwomba radhi mke wangu, ataje alichokifanya, kisha ailete nyumbani yeye binafsi, akifuatana na wewe. Anwani iko kwenye kadi ya kazi. Jioni huwa tupo.

Mteja wenu,
mwenye Hilux ya 1996
Mtwara