Katuni za zamani siyo za kupima kilo

Mhariri,

Nauza magazeti yangu ya katuni, Sani za miaka ya 80 na Joe chache za Nairobi, lile la kina Hilary Ng'weno na Terry Hirst lililoanza 1973, na kinachoniuma ni watu kunitajia bei ya kilo utadhani nauza karatasi za kufungia vitumbua. Jamani! Kila nakala iko kwenye mfuko wake wa nailoni na kadibodi nyuma, imelazwa, na masika yakikaribia nakagua pini moja moja maana huku Dar unyevu ukishaingia pini inashika kutu, kutu inakula karatasi, kurasa za kati zinachomoka. Hiyo kazi nayo ina bei. Marekani kule Action Comics namba 1 ya 1938, gazeti la katuni lililomtoa Superman mara ya kwanza, ilitoka ikiuzwa senti 10, mwaka 2024 nakala moja ilinadiwa dola milioni 6, sababu zimebaki chache na ile ilitunzwa vizuri sana. Sisi hatujafika huko sawa, ila muuzaji naye aseme ukweli, kama kava lina selotepu aseme. Na wenye maktaba, njooni mchukue seti nzima, sipendi kuigawa.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam