Risala ya Kikundi cha Kitalu cha Miche, Kibra, kwa Mgeni Rasmi Siku ya Kupanda Miti

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwalimu mkuu, wazee wa vijiji, masheikh na wachungaji, maafisa wa msitu, kina mama na kina baba, vijana na wanafunzi, hamjambo.

Mgeni wetu, karibu Kibra, hapa Nairobi. Kwa Kinubi, neno Kibra maana yake ni msitu. Askari wa Kinubi wenye asili ya Sudan, waliotumikia jeshi la King's African Rifles, walianza kukaa hapa mwaka 1904. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ikatangaza ekari 4,197 kuwa ardhi ya jeshi. Familia zilipewa cheti kilichoitwa shamba pass, nacho kilikuwa ruhusa ya kukaa tu, si hatimiliki. Ilikuwa mwaka 2017 ndipo Wanubi walipokabidhiwa hatimiliki, tena ya ekari 288.

Msitu nao umepungua vivyo hivyo. Msitu wa Ngong Road ulitangazwa rasmi mwaka 1932 ukiwa na zaidi ya hekta 2,900. Leo ni kama hekta 1,224, nao umekatwa vipande na barabara, kikiwemo kile kinachoitwa kipande cha Kibra. Barabara ya Southern Bypass ndiyo iliyoukata karibuni zaidi. Tunayataja haya mapema kwa sababu wakazi wa Kibra wamezoea kusemwa kuwa ndio walioumaliza msitu. Kuni zimekatwa, hilo hatulifichi. Lakini ardhi iliyoondoka kwa maelfu ya ekari haikubebwa kichwani kwa mizigo ya kuni.

Utasikia pia kwamba Kibra ina watu milioni moja. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 170,070. Tunaomba hesabu hiyo iheshimiwe, maana anayepanga maji, vyoo na nishati kwa ajili ya watu milioni moja hukata tamaa kabla hajaanza, ilhali anayepangia watu wanaojulikana idadi huweza kufika mwisho. Watu hao ni wa kila pembe ya nchi. Makina utasikia Kinubi, Gatwekera Kijaluo kwa wingi, Laini Saba Kikamba na Kikikuyu. Waluhya na Wakisii wapo kila kijiji, na Kiswahili ndicho kinachotuunganisha sote sokoni Toi.

Mto Motoine unapita ndani ya msitu, unazunguka upande wa chini wa Kibra, kisha unaingia Bwawa la Nairobi lililojengwa mwaka 1953. Bwawa hilo sasa limefunikwa na gugumaji. Gugu hili hustawi kwa mbolea, na mbolea yake ni maji machafu ya vyoo na mitaro yetu. Ukiling'oa bila kuziba chanzo hicho, linarudi. Juu ya mto, pale ambapo msitu bado una miti na majani makavu chini, mvua hunyonywa na udongo na kutoka polepole. Pale palipo wazi, maji yanateremka yote kwa saa moja yakiwa na matope, na nyumba za mabati za kando ya mto ndizo zinazoyapokea. Kwa hiyo mti unaopandwa ukingoni mwa msitu ni kinga ya nyumba ya kijiji cha Silanga.

Katika kitalu, Mheshimiwa, utaona mche wenye majani yaliyopangana mawili mawili kwenye kikonyo kimoja. Mjaluo anauita siala, Mluhya lusiola, Mkikuyu muu. Kibao chake kina majina yote matatu. Nyanya aliyetoka Siaya akilisoma jina hilo, anakumbuka papo hapo kwamba huo ni mti wa nguzo na wa mpini wa jembe, na kwamba ukikatwa unachipuka tena. Mbegu zake huvunwa maganda yanapogeuka rangi ya kahawia, kabla hayajapasuka, kwa sababu zina mabawa mepesi kama karatasi na upepo mmoja huzimaliza. Huanikwa siku 2 au 3, hutandazwa juu ya kitanda chenye unyevu, kisha hufunikwa kwa udongo mwembamba sana. Kosa la kawaida ni kuzifukia kwa kina. Mbegu nyepesi hivyo haina nguvu ya kusukuma udongo mzito.

Jirani yake ni muthiga, ambao Wamaasai huuita osokonoi. Gome lake kali hutafunwa kwa kikohozi na maumivu ya meno, na ukali huo ndio unaouponza. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kwenda mizizini kupitia gome la ndani. Mtu akilibandua likazunguka shina lote, mizizi inakufa njaa na mti unakauka ukiwa umesimama. Majani yake yana ukali ule ule, na yakichumwa machache machache mti hauumii. Tunawaomba wauzaji wa dawa za miti shamba walioko hapa wahamie kwenye majani. Mbegu za muthiga nazo hazikai. Zikitolewa ndani ya tunda zioshwe, zikauke kivulini na zipandwe mara moja; ukiziweka kabatini zisubiri mvua, hazitaota.

Sasa tuseme habari ya upandaji, maana hapa ndipo tunapoumia zaidi. Tarehe 13 Novemba 2023 nchi nzima ilipewa likizo ya kupanda miti, na lengo la taifa ni miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Sisi tunauliza swali moja: Februari nani ataumwagilia mti huo? Mvua za vuli hukoma Desemba, na mche uliopandwa miezi miwili tu iliyopita una mizizi mifupi isiyofika kwenye unyevu. Mche wa namna hiyo unahitaji kama lita 5 kwa wiki hadi mvua za Machi. Miche 4 ni mtungi mzima wa lita 20, na Kibra maji ya mtungi hununuliwa. Gharama ya mti iko hapo, wala si katika bei ya mche.

Shimo liwe la sentimita 45 kwa upana na 45 kwenda chini. Udongo wa juu, ule mweusi, uwekwe kando, usichanganywe na ule wa chini, kwa kuwa ndio utakaorudi kwanza ukiwa umechanganywa na samadi iliyooza. Samadi mbichi huchoma mizizi. Usipande kwa mvua ya kwanza. Chimba kidogo uone kama unyevu umeshuka sentimita 20. Kisha chana mfuko wa nailoni uutoe. Tunalisisitiza hili kwa sababu miche mingi tuliyong'oa ikiwa imekufa ilikuwa bado ndani ya mfuko, mizizi imejisokota kama kamba kwenye kikapu. Majani makavu yatandazwe kuizunguka, lakini yasiguse shina, yaache nafasi ya vidole vitatu, la sivyo shina huoza na mchwa wakapata njia.

Baada ya hapo ni palizi, duara la mita moja kuzunguka mche, angalau mara 3 kwa mwaka kwa miaka 2. Adui mkubwa ni lantana, kichaka vamizi. Maua yake mazuri huwadanganya wengi wakaiacha. Kuikata kwa panga ni kuipogoa tu. Ing'olewe na mizizi wakati udongo umelowa, na iondolewe kabla matunda hayajawa meusi, kwa kuwa ndege huyala na kuisambaza. Kando ya mto tusipande mikalitusi, inakunywa maji kupita kiasi. Na mbuzi wafungwe. Mbuzi mmoja asubuhi moja hula kazi ya wiki nzima, na uzio wa miiba hauzuii mbuzi wa Kibra.

Kuhusu kuni, jibu haliwezi kuwa askari peke yake. Mama anayechemsha maharagwe kwa saa tatu atatafuta moto popote ulipo. Vumbi linalobaki kwa muuza makaa likichanganywa gorogoro 4 (makopo ya kupimia) kwa gorogoro 1 ya udongo, likafinyangwa kwa maji na kukaushwa vizuri juani, linatoa makaa yanayodumu motoni kuliko makaa ya kawaida. Udongo ukizidi, hayashiki moto na jiko linajaa majivu. Yakiwashwa kabla hayajakauka, yanatoa moshi. Hata yakikauka vyema yasitumike chumba kilichofungwa, kwa sababu hewa ya sumu ya makaa haina harufu. Yafaa zaidi kwa githeri na maharagwe. Kwa chai ya haraka yanachelewa kushika.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maombi yetu si mengi. Tunaomba tangi la lita 10,000 na mifereji ya kukinga maji ya paa la shule hii, ili kumwagilia kwa Januari na Februari kusitegemee mtungi wa kununua. Tunaomba mchango wa wafadhili upimwe kwa miti iliyo hai baada ya miaka 2, na fedha za palizi zitengwe tangu mwanzo. Tatu, sheria ya misitu ya mwaka 2016 inaruhusu jamii kuunda chama cha msitu na kutia saini mkataba na Shirika la Misitu. Tunaomba utusaidie mkataba wetu ufike mwisho, ukitaja wazi kuokota kuni kavu, kuvuna nyasi na kukusanya mbegu chini ya miti mama. Mkazi mwenye kibali mkononi hupita getini mchana, naye ndiye wa kwanza kupiga simu akisikia msumeno usiku.

Mashimo yamechimbwa jana jioni kando ya uzio, udongo mweusi uko upande wa kulia. Mche wako ni siala, na mfuko wake bado haujachanwa. Tumekuachia wembe juu ya ndoo. Ahsante sana, na karibu uzungumze nasi.