Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tulimwacha Dalali, Tumemrudia

Kwa jina la Mwenyezi Mungu. Wazee wangu, kaka na dada zangu wanachama, Assalaamu alaykum.

Mwaka jana nilisimama hapa hapa mkanipigia makofi. Nilisema wenye mizigo wa Pemba tumechoka kuwalisha watu wasio na gari wala chombo cha baharini. Nikapendekeza kila mwanachama atafute usafiri wake mwenyewe bila dalali wa mizigo, yule anayetuunganisha na wenye magari na vyombo, na mikono ikanyanyuka ukumbi mzima isipokuwa wanachama watatu wa Wete. Leo naanza kwa kuwaomba radhi hao watatu.

Mambo madogo niyamalize kwanza. Waliotangulia mbele ya haki tumewasomea hitma. Daftari la wanachama limehakikiwa. Ada zinadaiwa kwa wale wale waliokuwa wakidaiwa mwaka jana, na majina yao wanayajua wenyewe. Mshika fedha atasoma hesabu baada yangu. Mimi leo nina mizigo tu.

Azimio letu mwanzo lilikwenda vizuri, na sasa najua kwa nini. Tulikuwa tunawapigia simu wenye magari na manahodha ambao namba zao tulizipata kwa dalali yule yule tuliyemwacha. Namba zilipoanza kutopokelewa, hatukuwa na nyingine.

Mwezi wa Julai wanachama sita, na mimi nikiwa mmoja wao, tulichanga tukanunua viazi na kabichi Lushoto. Kenta tuliipata wenyewe. Iliteremka mlima usiku ikafika Tanga alfajiri, na chombo tuliambiwa kipo. Kweli kilikuwepo, lakini kimejaa saruji tangu jana yake, na nahodha hana habari yetu. Mtu tuliyekuwa tukizungumza naye wiki nzima alikuwa karani wa chombo kingine. Hicho kingine kilikuwa na nafasi, ila kusi ilikuwa imechafua bahari, kikangoja siku tatu. Dereva akataka pesa ya kulala. Siku ya pili akachoka, akashusha mzigo chini ya turubai akaenda zake, tukawalipa mahamali, yaani wapagazi, mara mbili, kushusha na kupakia.

Nilikuwa bandarini Wete chombo kilipofunga. Gunia la kwanza nililifungua kwa kisu mwenyewe. Viazi vya juu vizima, vikavu, hata udongo wa Lushoto ungalipo. Vya chini ukivibonyeza, kidole kinaingia mpaka pingili ya pili. Kabichi sitaki kuzieleza.

Baada ya hapo nilimfuata yule dalali wa zamani, si kwa hasira, bali kumuuliza angefanya nini. Akacheka kidogo. Akasema angepiga simu tatu jioni ile kabla kenta haijapakia: moja kwa karani wa chombo kuuliza nafasi iliyobaki, moja kwa nahodha kuuliza bahari, moja kwa mwenye gari kumwambia asiondoke Lushoto mpaka apate neno. Simu tatu. Hiyo ndiyo bidhaa tuliyokuwa tukiinunua miaka yote tukiita hewa.

Niseme hapa, kwa kuwa hata ndani ya kamati tulikuwa tunachanganya. Dalali wa mizigo hana gari, hana chombo, na mzigo haulali kwake. Anamkutanisha mwenye mzigo na mwenye usafiri, basi. Wakala wa forodha ni mtu mwingine: huyo ana leseni ya Mamlaka ya Mapato, TRA, anashughulikia nyaraka na ushuru, anatoa mzigo bandarini. Na wale wanaokukusanyia vitu Guangzhou au Dubai wakavipakia kontena moja na vya wenzio, wakakutoza kwa mita ya ujazo, hao ni wa tatu, kwa sababu wao mzigo wanaupokea na wanakupa hati yao. Ukimdai dalali kazi ya wakala wa forodha mtagombana bure.

Sasa, mbona mwenye kenta anakubali bei ya dalali iliyo chini ya ile angetutoza sisi? Jibu liko kwenye safari ya kurudi. Gari iliyopeleka saruji Lushoto inateremka Tanga vyovyote vile, na mafuta inakunywa hata ikiwa tupu. Chombo kilicholeta unga na mabati Wete, kikikosa mwani au ndizi za kurudi nazo, kinarudi na mawe ya farumi, ya kukitia uzito tu kisiyumbe. Kwa mwenye gari au chombo, noli, yaani nauli ya mzigo, hata ikiwa ndogo, ni bora kuliko kurudi patupu. Lakini nani anarudi tupu, lini, kutoka wapi, hilo halijui mwenye duka wa Chake. Analijua mtu anayeshinda kutwa na simu mbili mkononi.

Na hapo kwenye simu mbili ndipo penye kinyongo chetu, na sidhani kwamba tulikosea kuwa nacho. Sote tumekua tukimwona dalali wa samaki pale diko, wavuvi wanaposhusha samaki. Anasimama mbele ya watu, anapiga mnada, mvuvi anasikia, mchuuzi anasikia, na fungu lake kila mtu analijua. Hakuna anayemwita mwizi. Dalali wa mizigo kazi yake ni ile ile, ila mnada wake anaupiga kwa kunong'ona. Tuseme kwangu anachukua shilingi 100,000, kwa mwenye kenta anatoa 80,000. Mimi naambiwa mafuta yamepanda. Mwenye kenta anaambiwa Wapemba wagumu. Ile 20,000 huenda ikawa halali yake yote. Lakini kama haionekani, kila mmoja anaikisia kubwa kuliko ilivyo, na mimi mwaka jana niliikisia kubwa sana.

Mmoja wetu aliyewahi kufanya kazi ya malori Marekani alitusaidia kamati hapa. Kule dalali wa mizigo anasajiliwa na serikali kuu na anatakiwa kuweka dhamana ya dola 75,000, ili mwenye lori asiyelipwa apate pa kushika. Kabla ya 2013 ilikuwa dola 10,000 tu. Na kanuni inampa kila mwenye sehemu katika safari haki ya kuona kumbukumbu zake, pamoja na kiasi alichobaki nacho dalali. Nilifurahi, mpaka akaniambia kwamba madalali wengi wanaandika ndani ya mkataba kwamba haki hiyo umeisamehe. Kumbe kunong'ona kupo kila bandari.

Jambo la khatari zaidi ni mzigo kupitishwa mikononi. Dalali wako anampa dalali mwenziwe, huyo anampa wa tatu, na kila mmoja anakata chake. Mwisho mwenye chombo anabaki na noli isiyolipa hata mabaharia, kwa hiyo anapakia kupita kiasi ili afidie. Sisi hatuhitaji kuelezwa maana ya chombo kilichopakiwa kupita kiasi. Tulikuwa ufukweni Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama ikija kwetu. Ndiyo maana nimesisitiza kwenye kamati kwamba bei rahisi isitufanye tusiulize chombo gani, nahodha nani, na kama cheti chake cha Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar kiko hai. Dalali habebi dhamana ya mzigo ukiharibika njiani, atakwambia alikuunganisha tu, na mara nyingi ana haki. Wa kumdai ni mwenye chombo, na huwezi kumdai mtu usiyemjua jina.

Kwa hiyo kamati imekubaliana na madalali wawili, mmoja wa Tanga na mmoja wa Wete, kwa mwaka mmoja wa majaribio. Kila safari inaandikiwa karatasi moja yenye noli tunayolipa sisi na noli anayopewa mwenye chombo, tarakimu zote mbili, na nakala kwa wote. Jina la chombo na la nahodha tunapewa kabla gunia halijatoka ghalani. Mzigo haupewi dalali mwengine bila sisi kuambiwa. Yule wa Tanga aligoma wiki mbili juu ya zile tarakimu mbili, kisha akakubali, lakini na yeye akaleta masharti yake, na lazima niyasome japo yanatuaibisha.

Anasema wanachama wetu wanapeleka lumbesa, gunia lililojazwa kupita mdomo wake, na kuhesabu gunia moja. Anasema tunasema “tayari” wakati mzigo bado uko shamba, chombo kinangoja. Anasema wapo wanaolipa baada ya kuuza, na wengine baada ya kusahau. Nilijaribu kubisha nikakosa pa kuanzia. Kuanzia sasa lumbesa inahesabiwa kwa uzito wake, na asiyelipa ndani ya siku saba chama kitalipa kisha kitamdai yeye.

Si kila mtu anamhitaji dalali. Mwanachama anayepeleka ndizi Unguja kila wiki kutoka Mkoani, kwa chombo kile kile na nahodha anayemjua mpaka kwao, aendelee hivyo hivyo. Kumwekea huyo dalali katikati ni kumtia hasara. Dalali ni kwa mzigo wa mara moja moja, njia usiyoijua, au wakati usafiri ni haba. Na wakati huo unakuja: karafuu zikiiva, makenta yote yanapanda mashamba na mahamali wanakuwa juu ya mikarafuu. Wenye mizigo ya miezi hiyo wampe katibu habari wiki mbili kabla. Fomu anazo, pale pale dukani kwake Chake.

Limebaki la viazi. Kamati inapendekeza wale wanachama watano walioingia hasara ya Julai wasamehewe ada ya mwaka mmoja, kwa kuwa walifuata azimio la chama. Sisi tulikuwa sita. Wa sita ndiye aliyelileta azimio hilo, na hadai kitu. Hoja iko mbele yenu, na nafasi ya mwenyekiti pia.

Naomba kuwasilisha.